Baiskeli, Lori na Upepo wa Isinya

Sogeeni karibu, wanangu, niwasimulie habari ya watu wawili waliokutana kwenye barabara ya Namanga. Watu wenyewe ni wa hadithi, lakini barabara mnaijua. Ni ile inayoiacha barabara ya Mombasa pale Athi River, ikakata katikati ya Kitengela, ikashika nyika hadi Isinya, Kajiado na Bissil, mpaka mpakani. Mtu wa kwanza ni msichana wa Gredi ya 8. Kwao ni kaskazini ya Isinya, mwendo mfupi kuelekea Kitengela, na ana baiskeli ya marehemu babu yake, Black Mamba, ile nzito ya chuma yenye karia pana nyuma. Mtu wa pili ni dereva wa lori kutoka Arusha. Amebeba vitunguu vya soko la Nairobi na hajaachia usukani tangu alipovuka Namanga.

Ni jioni, jua limekwisha kuzama. Msichana ametoka kununua maji. Mtungi wa lita 20 umefungwa kwenye karia kwa mpira, na lita 20 za maji ni kilo 20 kamili. Mzigo huo ukikaa nyuma, gurudumu la mbele huwa jepesi na usukani hutaka kucheza. Anakwenda kilomita 18 kwa saa, yaani mita 5 kila sekunde. Nyuma yake lori linakuja kwa kilomita 80 kwa saa, mwendo wa mwisho ambao malori na matatu yanaruhusiwa kwenye barabara kuu za Kenya. Hizo ni mita 22 kila sekunde.

Hebu tuwasimamishe hapo hapo walipo, kila mmoja na mguu wake juu ya pedeli, tupige hesabu. Umbali kati yao unapungua mita 17 kila sekunde. Dereva akimwona msichana akiwa mita 200 mbele, ana karibu sekunde 12 za kujipanga: aondoe mguu kwenye mafuta, atazame kama kuna gari linalokuja, aamue kupita au kusubiri. Sekunde 12 zinatosha kabisa. Lakini huku kwetu, karibu na ikweta, giza halibishi hodi. Jua likizama, baada ya dakika ishirini na kitu huoni rangi ya shuka. Msichana huyu amevaa sweta ya shule ya buluu iliyokoza, na baiskeli ya babu haina taa wala kiakisi mwanga. Katika mwanga huo huenda dereva asimwone mpaka zimebaki mita 60.

Mita 60 kwa mwendo ule ni sekunde tatu na nusu. Mtu mzima aliye macho huhitaji kama sekunde moja na nusu tangu jicho lione hadi mguu ukanyage breki, na lori lililosheheni halitii mara moja. Ukipiga hesabu yote utakuta kwamba mita 60 zinamtosha dereva kupunguza mwendo hadi ule wa baiskeli, lakini zinamtosha kwa shida. Zinatosha kama breki zake ni nzima, kama lami ni kavu, na kama macho yake yalikuwa mbele. Akiwa amepoteza sekunde moja tu kusoma ujumbe kwenye simu, mita 17 zimekwisha kuliwa na hazirudi. Na kama kilichoko mbele yake hakisogei kabisa, tuseme ng'ombe aliyesimama au mtoto aliyeanguka, lori lile litakwenda zaidi ya mita 80 kabla ya kusimama. Nendeni kwenye uwanja wa mpira wa shule yenu, msimame kwenye goli moja, mtazame lile la pili. Karibu uwanja mzima unaliwa na lori ambalo dereva wake anafanya kila analopaswa kufanya.

Ndiyo maana sheria inataka magari yasizidi kilomita 50 kwa saa yakiingia mjini kama Kitengela. Kwa mwendo huo lori lile lile linasimama ndani ya kama mita 40. Tena mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya mgongano haiongezeki mara mbili. Inaongezeka mara nne. Jambo hili mtafundishwa kwenye fizikia, lakini mnavuka barabara kabla hamjafika huko, kwa hiyo nawaambia sasa.

Turudi kwa msichana wetu. Anapanda upande wa kushoto, kama inavyotakiwa, akielekea upande ule ule magari yanakoelekea. Rafiki zake wengi hupanda upande wa kulia, magari yakija usoni mwao, wakidhani kwamba ukiliona gari utaliepuka. Kwa anayetembea kwa miguu mawazo hayo ni sahihi: atembee akitazama magari, kwa sababu hatua moja ya pembeni inamtoa hatarini. Baiskeli haina hatua ya pembeni. Na mwendo wa wawili wanaokwenda kukutana hujumlishwa: mita 22 za lori na mita 5 za baiskeli zinakuwa 27 kila sekunde. Zile sekunde tatu na nusu za mita 60 zinashuka hadi mbili na kidogo. Isitoshe, gari linalotoka kwenye njia ya pembeni kuingia barabara kuu upande wako linatazama kulia, kule magari yanakotoka. Wewe unayekuja kutoka kushoto hakuna anayekutazamia.

Sasa lori limekaribia, na kutoka upande wa Kitengela inakuja matatu yenye taa kali. Njia moja ya barabara kama hii kwa kawaida ina upana wa mita 3 na nusu. Lori lina mita 2 na nusu, bila kuhesabu vioo. Toa, utabaki na mita moja, na ndani ya mita hiyo kuna msichana, usukani wenye upana wa zaidi ya nusu mita, na mtungi unaomyumbisha. Haiwezekani kumpita salama bila lori kuvuka mstari wa katikati, na mstari hauvukiki matatu ikija. Kwa hiyo dereva ana jambo moja tu la kufanya: abaki nyuma, kwa mwendo wa baiskeli, mpaka matatu ipite. Atapoteza kama sekunde kumi. Nimewasikia madereva wakilalamika juu ya sekunde hizo, na sijapata kuelewa vitunguu vina haraka gani.

Huko Uhispania na Ufaransa sheria inamtaka dereva aache mita 1 na nusu kati ya gari na baiskeli anapompita mwendeshaji nje ya mji. Kuna kitu kinachofanya kipimo hicho kiwe cha lazima hata pale ambapo hakuna polisi wa kukipima, nacho ni upepo.

Lori kubwa linapokwenda kasi husukuma hewa mbele yake. Likifika ubavuni mwako unasukumwa kwanza kuelekea kichakani. Kisha ubavu wake mrefu unapita, hewa inakimbilia kujaza nafasi iliyoachwa nyuma yake, nawe unavutwa kurudi barabarani, kwenye magurudumu ya mwisho ya trela. Mambo hayo mawili hutokea kwa muda wa kupepesa macho, na aliyeyapata mara moja hayasahau.

Kajiado ina upepo wake wa ziada. Kule Kipeto, Kajiado Magharibi, kuna mitambo 60 inayozalisha umeme kwa upepo tangu 2021, yenye uwezo wa megawati 100, na hakuna mtu anayepanda mitambo kama hiyo mahali palipotulia. Upepo wetu aghalabu hutoka mashariki. Msichana anayekwenda kaskazini, akiwa kushoto mwa barabara, anaupokea ubavu wa kulia. Bila hata kufikiri ameinamia kulia kidogo, akiuegemea ule upepo ili asianguke. Lori linapompita, linapita upande huo huo wa kulia na kuuziba upepo ghafla. Alichokuwa anakiegemea kimetoweka. Baiskeli inaangukia kulia, kwenye lori. Dereva aliyempita kwa nusu mita ataapa kwamba mtoto alijitupa barabarani, na pengine ataamini anachosema. Mita moja na nusu ni nafasi ya kuyumba huko.

Dereva wetu alisubiri. Lakini alipokuwa amesubiri, nyuma ya msichana kabisa, akapiga honi. Nia yake ilikuwa njema, alitaka mtoto ajue kuna gari. Honi ya lori ikipigwa kwenye mgongo wako hufanya mwili mzima uruke. Msichana alivuta usukani kushoto, gurudumu la mbele likashuka kwenye ukingo wa lami. Mnajua jinsi ukingo ule ulivyoliwa na mvua na matairi: juu lami, chini kokoto, na kati yao kimo cha kiganja kilichosimama. Gurudumu likishuka halipandi tena bila kukuangusha. Akaanguka upande wa kichaka, mtungi ukapasuka, maji yote yakanywewa na udongo.

Lori likaenda mbele mpaka penye nafasi ya kuegesha, taa za dharura zikimulika. Dereva akashuka mbio. Mama mmoja mwenye kibanda cha chai alikuwa amekwisha kufika na kumwinua mtoto. Goti limechunika, hana zaidi. Msichana alipomwona mzee yule amesimama mbele yake, akainamisha kichwa kama alivyolelewa, na dereva, aliyekua na Wamaasai wa Monduli, akaweka mkono juu ya utosi wake kabla hajasema neno.

"Pole, mwanangu. Umeumia?"

"Siyo sana, baba. Lakini maji yamemwagika."

"Maji yanapatikana," akasema. Mikono yake ilikuwa inatetemeka. "Nimepiga honi ili usiogope, kumbe ndiyo nimekuogopesha."

"Ungepiga ukiwa mbali kule, baba, ningesogea. Ukipiga ukiwa hapa, sijui niende wapi."

Mama wa chai akadakia: "Mwambie, mwambie. Hawa hawaambiwi."

Dereva akatikisa kichwa kukubali. Kisha akamwomba yule mama amshike mtoto mkono, wasimame nje ya lami ubavuni mwa lori, upande wa kushoto, karibu na mlango wa abiria. Yeye akazunguka, akapanda, akaketi kwenye usukani. Mnakumbuka kwamba magari yetu yana usukani upande wa kulia.

"Sikuoni!" akapaza sauti. "Rudini nyuma kidogo."

Wakarudi hatua tatu.

"Sikuoni bado! Rudini tena."

Walikwenda nyuma mpaka wakawa wamepita mwisho wa bodi, na hapo msichana akauona uso wa dereva ndani ya kioo cha pembeni, mdogo, macho yakimtazama. "Sasa nakuona!" akaita. Lile eneo lote la kushoto, ambalo baiskeli hupenda kujipenyeza foleni inaposimama Kitengela, kwa dereva wa lori refu lina sehemu zisizoonekana kabisa. Sehemu nyingine iko mbele kabisa, chini ya kioo, ambako mtoto aliyesimama karibu hafikii kimo cha macho ya aliyekaa juu. Kama huoni macho ya dereva, kwenye kioo chake au uso kwa uso, jihesabu kwamba naye hakuoni. Hasa pale Isinya panapochepuka barabara ya Kiserian. Lori linalokwenda kaskazini likikata kushoto pale, magurudumu ya nyuma hayafuati njia ya yale ya mbele; hukata kona kwa ndani, juu ya yeyote aliyejibana kati ya lori na ukingo. Lori likiwasha kiashirio cha kushoto, kaa nyuma yake. Halina urefu wa kukuchelewesha.

Kabla ya kuondoka, dereva alimpa yule mama pesa ya mtungi mpya, kisha akatoa chini ya kiti kipande cha utepe mwekundu na mweupe unaoakisi mwanga, ule unaobandikwa nyuma ya trela. Akaukata vipande viwili kwa kisu. Kimoja akakibandika kwenye kikinga matope cha nyuma, kingine kwenye karia. Utepe wa aina hiyo ukipigwa na taa za gari huonekana kutoka mbali sana, mita 150 na zaidi. Turudi kwenye hesabu yetu: sekunde tatu na nusu zimekuwa karibu tisa, kwa kipande cha utepe chenye urefu wa kiganja. Taa nyekundu ya nyuma ni bora zaidi, kwa sababu inawaka hata kama haijamulikwa. Na wakati wa mchana, nguo ya njano au ya rangi ya chungwa hushinda sweta yoyote ya shule. Ningependa sana shule zetu zilizo kando ya barabara kuu zilifikirie jambo hilo zinapochagua rangi.

Lakini nisikilizeni vizuri hapa. Sitaki mtoke mkiamini kwamba mtoto akivaa njano, kazi yake imekwisha na ya wengine haipo. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi 1985 na kufunzwa kuendesha na David Kinjah kule Kikuyu, alishinda mashindano makubwa ya Ufaransa, Tour de France, mara nne. Mwezi wa Mei 2017, akiwa bingwa ambaye dunia nzima inamjua, dereva mmoja kusini mwa Ufaransa alimgonga kwa makusudi akiwa mazoezini, akaivunjavunja baiskeli. Froome alinusurika. Ni wachache waliojua kuendesha baiskeli kama mtu yule, na ujuzi wake haukumzuia dereva aliyekasirika. Mwenye uzito na mwenye kasi ndiye mwenye deni kubwa zaidi, kwa sababu yeye ndiye anayeweza kuua. Msichana wetu, hata angekosea vipi, hawezi kumuua dereva wa lori.

Kuna wa tatu pia mwenye deni, naye ni barabara. Ukitoka Kitengela mvua ikiwa imenyesha utaona ninachosema. Udongo wetu mweusi unashika tairi mpaka gurudumu halizunguki, kwa hiyo kila mwenye baiskeli aliyekuwa akipita kando analazimika kupanda lami. Pale penye bega la lami, utakuta limejaa matikiti ya kuuza, boda boda zinazokuja kinyume, na matatu inayopitia pembeni ili kuikwepa foleni. Mwenye baiskeli anatoka kuikwepa matatu iliyoegeshwa, anaingia kwenye njia ya lori. Mkimwona akiingia msimwite mkaidi. Hana pengine pa kupita. Mwaka 2023 watu 4,324 walikufa kwenye barabara za Kenya kwa hesabu za Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, na katika nchi yetu wanaokwenda kwa miguu ndio wanaokufa wengi kuliko wote.

Watoto waliwahi kulibadilisha jambo kama hili. Uholanzi, nchi ambayo leo inasifika kwa baiskeli, mwaka 1971 ilipoteza watu wapatao 3,300 barabarani, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Mwandishi wa habari mmoja, Vic Langenhoff, alifiwa na binti yake aliyegongwa akienda shule kwa baiskeli. Akaandika kwa uchungu, na wazazi wakaungana katika kundi lililotaka mauaji ya watoto barabarani yakome. Pale Amsterdam, katika mtaa wa De Pijp, watoto wenyewe walifunga njia kwa vizuizi ili wapate mahali pa kucheza, wakabishana na madereva wazima waliotaka kupita. Serikali ilianza kujenga njia za baiskeli zilizotenganishwa na magari. Siku hizi nchi hiyo hupoteza watu chini ya 800 kwa mwaka, ingawa watu na magari yameongezeka sana. Waholanzi hawakuzaliwa na njia hizo. Walizidai.

Kwa hiyo nina kazi ya kuwapa, na mwalimu wenu awe nanyi. Siku moja ya juma, saa kumi na moja jioni, mkae mbali na lami, nyuma ya ua wa shule, na daftari. Andikeni baiskeli ngapi zimepita, ngapi zimekwenda kinyume, ngapi zina taa. Andikeni ni wapi ukingo wa lami umekatika, wapi bega limezibwa, na malori mangapi yamepita kwa mwendo uliowatia hofu. Choreni ramani, wekeni alama kwenye kona. Barabara ya Namanga iko chini ya Mamlaka ya Barabara Kuu za Kitaifa, KeNHA. Zile ndogo za ndani ni za serikali ya kaunti ya Kajiado. Barua iende kwa KeNHA, nakala kwa mwakilishi wa wadi yenu na kwa kituo cha polisi kilicho karibu, na iombe kitu kinachoweza kujengwa: bega la lami la mita 2 kutoka lango la shule hadi sokoni, matuta kabla ya kivuko, kibao cha 50 ambacho hakijafunikwa na bango la kuuza ploti. Wekeni tarehe juu, na baada ya miezi mitatu mhesabu tena.